Meza ya Dirishani

Mzigo wa mwisho ulikuwa mto wa kulalia, na mtoto mwenyewe ndiye aliyeubeba. Begi lilishapakiwa, viatu vya shule vilishapakiwa, gari la baba yake lilikuwa linanguruma mlangoni, na majirani wasio na haya walikuwa wameshatoka na vikombe vyao vya chai mkononi kama watu waliokuja kutazama mpira. Mtoto alipita katikati yao ameukumbatia mto. Alikuwa na miaka tisa, na alikuwa mnene. Si ule unene wa mtoto wa kufinywa mashavu na wageni, bali ule wa kuhema akipanda ngazi tatu. Mtaani walimwita Kibonge, naye aliitika, maana jina ukishaitwa na kila mtu utafanyaje?

Koplo alisimama ng'ambo ya njia, mgongo ukutani, akichunga asirushe mtu ngumi. Ukoplo wenyewe aliuacha polisi alipostaafu, lakini jina lilikataa kustaafu naye. Siku hizi aliwafanyia mawakili upelelezi: kufuata waume, kutafuta mashahidi waliojificha, kukaa garini mpaka miguu ife ganzi. Kesi hii ilikuwa nyepesi kusimulia. Baba mtu, fundi wa majokofu, alikuwa ameachana na mkewe, na sasa aliiomba mahakama impe binti yake kwa madai kwamba mama anamlisha mtoto mpaka atamuua. Hakimu aliamuru mtoto akae kwanza kwa bibi yake mzaa baba, hadi kesi isikilizwe. Wakili wa baba alimtaka Koplo alete ushahidi wa hicho kinacholiwa.

Bibi alikuwa kiti cha mbele, kioo kimeshushwa, kitambaa kichwani kimefungwa kama mtu anayekwenda vitani.

"Ingia, mjukuu wangu, ingia. Tukuokoe kabla sahani haijakumaliza."

Mama mtu alikuwa amesimama kizingitini na taulo la mtoto ambalo hakuna aliyelikumbuka. Hakujibu tusi. Alisema tu, "Mama, akilala na njaa anaweweseka. Mpe hata maziwa kidogo."

"Ulimpa wewe, tukayaona matokeo."

Mtoto akatoa kichwa dirishani. "Kaka! Usiguse rangi zangu!"

"Nazitakia nini? Zote umezitafuna ncha!" Kaka yake, wa miaka kumi na mitatu, alikuwa mwembamba kama ufito na ndilo jina walilomwita. Alisema kwa ukali kisha akaingia ndani haraka, asionekane uso.

Gari likaondoka. Koplo akavuka njia kumpa mama mtu karatasi ya makabidhiano aitie sahihi. Jikoni, mama alipokuwa akitafuta kalamu, Koplo alitazama kichanja cha vyombo. Palikuwa na sahani mbili za watoto, moja ya buluu na moja ya waridi. Ya buluu ilikuwa kubwa zaidi.

"Hii ya nani?"

"Ya Ufito. Yule akila utadhani anajaza pipa, na havimkai."

"Na baba yake hamdai huyo?"

Mama alitia sahihi, akamrudishia kalamu. "Mtoto mwembamba nani atamdai, Koplo? Yule hamtii mtu aibu."

*

Wakili hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Niletee picha ya mtoto anakula," alimwambia Koplo ofisini kwake, macho yakiwa kwenye faili jingine. "Niletee muuza duka. Hadithi peleka kwa wajukuu."

Koplo akaanza na taka, kama alivyofundishwa enzi za polisi, aone nyumba ya mama inapika nini. Kila mama mtu alipotoa mfuko wake nje, Koplo alimtangulia mkusanya taka kwa hatua chache na kuubeba kwenda nao gereji kwa rafiki yake, ambako aliumwaga juu ya gazeti. Maganda ya viazi. Maganda ya ndizi. Majani ya chai. Mifupa ya samaki iliyonyonywa vizuri. Mwenye gereji alimwambia kazi yake inanuka kuliko gia boksi. Koplo hakuona hata chupa moja ya soda.

Basi akahamia shuleni, na hapo akadhani amepata. Mbele ya geti palikuwa na kiduka cha dirisha moja, na kila mchana kengele ya mapumziko ikilia Kibonge alikuwa wa kwanza kufika pale, jasho likimtiririka, akiondoka na mfuko wa biskuti umejaa. Koplo akapiga picha. Mtoto mnene, mfuko umejaa, dirisha la duka nyuma yake: wakili angeweza kuitundika ukutani.

Lakini Koplo alikuwa na tabia ya kutoondoka kazi inapoonekana imekwisha. Akamfuata kwa macho. Mtoto alizunguka nyuma ya madarasa, akakuta wenzake wanamsubiri, akagawa biskuti moja moja mpaka mfuko ukabaki mtupu, akaukunja na kuutia mfukoni. Yeye hakutia kinywani hata chembe. Kisha wakampa ncha ya kamba. Wenzake waliruka, naye akazungusha. Zamu yake ya kuruka haikufika, wala hakuidai.

Koplo akapiga picha ya pili.

"Wanamtuma," muuza duka alimwambia alipoulizwa. "Wengine wanampa hela zao, nyingine anapewa na kaka yake. Wamekubaliana, asiyeleta hachezi. Nilimwambia, 'Mwanangu, kula na wewe moja.' Akaniambia, 'Nikila wataniona.'"

Wakili alizitazama picha mbili mezani, akaivuta ya kwanza upande wake kwa ukucha.

"Hii inatosha."

"Zinakwenda pamoja," Koplo alisema. "Kama kiatu na soli yake."

"Koplo, umeajiriwa na nani?"

"Na wewe. Ndiyo maana nakuonyesha kabla mtu wa upande wa pili hajaipata."

Wakili akashusha pumzi. "Haya. Nenda kwa bibi. Mtoto yuko kwake wiki kadhaa sasa. Kama kwa mama alinenepa na kwa bibi amekonda, nani atauliza habari za biskuti? Niletee uzito wake."

*

Nyumba ya bibi ilikuwa safi kiasi kwamba mgeni aliona haya kukanyaga. Meza ya chakula ilifunikwa kitambaa cha plastiki chenye maua, kabati la chakula lilikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli hilo bibi aliufunga kiunoni. Alimweleza Koplo utaratibu wake kama ofisa anayekagua gwaride: mtoto anaamshwa alfajiri, wanatembea mpaka mto wa maji machafu na kurudi, anakula vya kuchemsha, peremende hakuna.

"Sisi hatudekezi hapa," alisema. "Watoto wa siku hizi wanalelewa kama mayai."

"Na amepungua?"

"Anapungua."

"Kiasi gani, mama?"

"Si unamwona?"

Koplo alimwona. Mtoto alikuwa uani, anaruka kamba peke yake, akikosea na kuanza upya. Gauni la shule lilikuwa limeachiwa mshono pembeni, na uzi wa mshono mpya ulikuwa mweupe zaidi ya kitambaa. Akaomba kunawa mikono.

Bafuni, kando ya ndoo, sakafu ilikuwa na alama ya mraba, saruji yake nyeupe kuliko sehemu nyingine, na kila pembe ya mraba ilikuwa na kiduara kidogo. Palikuwa na kitu chenye miguu minne, kimekaa pale siku nyingi, na kimeondolewa juzi juzi. Koplo alinawa, akajifuta, akarudi.

"Mama, mizani umeipeleka wapi?"

"Mizani gani?"

"Ya kupimia uzito. Alama za miguu yake bado ziko bafuni."

Bibi akamtazama kwa jicho la kumfukuza. Koplo akavuta kiti, akakaa.

"Mtu anayeshinda hafichi mizani," alisema taratibu. "Na gauni la mtoto anayekonda halifumuliwi mshono."

Uani kamba ilipiga chini, ikanyamaza, ikapiga tena. Bibi akainuka kwa shingo upande, akaenda chumbani, akarudi na mizani iliyoviringishwa shuka, akaiweka sakafuni baina yao kama mtu anayeweka maiti ya paka.

"Ameongezeka," alisema. "Sijui vipi. Nimempimia kijiko kwa kijiko. Nikasema ananiibia, nikalala na ufunguo. Nikasema anapewa na majirani, nikafunga geti. Nikakesha nikimvizia, Koplo, mimi na umri huu, nyuma ya pazia kama mgoni. Mtoto kalala tu. Na akilala anaweweseka, kama alivyosema mama yake."

"Mwanao anajua?"

"Ningemwambiaje? Mimi ndiye niliyemwambia aende mahakamani."

Koplo alitoa kalamu, kisha akairudisha. Kwa mama kulikuwa na watoto wawili, sufuria moja, na mmoja tu ndiye aliyenenepa. Sasa alikuwa na sufuria ya pili, yenye kufuli, na jibu lile lile. Ilikuwa saa ya kuacha kuchungulia masufuria. Akaanza kutazama kuta, jambo alilofanya kila alipokwama.

Ukutani palikuwa na picha moja iliyowekewa fremu ya maana. Wanawake wanne wamekaa kwenye meza ndefu kando ya dirisha, vitambaa mikononi, wanacheka, na wote wanne wana mimba. Nyuma yao amesimama bibi mwenyewe, mdogo kwa miaka kumi, mikono kiunoni.

"Hapa wapi?"

Uso wa bibi ukafunguka kidogo. "Kiwandani. Tulitengeneza hivi vitambaa vya meza, na makoti ya mvua. Nilikuwa nyapara wa zamu ya mchana. Kwa manyapara wengine, mwanamke akishika mimba anasimama kwenye mashine mpaka miguu inavimba kama magunia, au anafukuzwa. Mimi nikasema kwangu, mwenye tumbo anakaa. Nikaweka meza hiyo dirishani, pana mwanga na upepo. Kiwanda kizima waliniita Mama Matumbo." Akanyoosha kidole. "Huyo wa pili ni mkwe wangu. Kibonge yumo humo tumboni."

"Na Ufito?"

"Ufito kazaliwa kabla. Mama yake alikuwa bado hajaingia kiwandani."

Koplo akasogea karibu na picha. "Walikuwa wanafanya nini?"

"Kufuta. Plastiki ikitoka kwenye rola ina joto bado, na inatoa jasho. Yale mafuta ya kuilainishia yanachuruzika juu. Wao wanafuta kwa kitambaa kabla haijakunjwa. Kazi ya kukaa, kazi ya kupiga soga." Bibi akapitisha kiganja juu ya maua ya kitambaa cha mezani kwake, kwa mapenzi. "Mafuta mazuri yale, hayana harufu. Mikono ya wasichana wangu ilikuwa laini kama ya maharusi. Wengine walikuwa wanajipaka tumboni ngozi isipasuke."

Koplo aliomba aelekezwe walipo wanawake wengine watatu wa kwenye picha, na bibi, aliyefurahi kuulizwa habari za enzi zake, akamwelekeza.

*

Wa kwanza alikuwa msusi, mwenye saluni ya viti viwili na mdomo wa kutosha viti kumi. Alimsuka mteja huku akimjibu Koplo kupitia kioo.

"Mama Matumbo! Yu hai? Yule mama Mungu amweke. Bila yeye ningezaa nimesimama, kama twiga."

Kwenye benchi chini ya feni alikaa mwanawe, kijana wa kama miaka kumi, mwili umejaa benchi nusu, anasoma gazeti la michezo. Koplo alimtazama kidogo tu, lakini msusi alimwona kiooni.

"Sema tu, tumezoea. Ninaambiwa namlisha hamira. Daktari mmoja alinipa karatasi ya vyakula, nikamuuliza, 'Na wewe unaifuata?' Maana tumbo lake lilikuwa limeishika meza isianguke."

Mteja alicheka, kichwa kikavutwa kwa kosa hilo.

"Na wadogo zake?" Koplo aliuliza.

"Ninaye mmoja, alizaliwa kiwanda kimeshafungwa. Wa kawaida tu. Huyu ndiye wangu wa kiwandani." Vidole vyake vikapunguza mwendo. "Kwa nini unauliza wa lini?"

"Wale wenzako wawili kwenye picha, watoto wao wakoje?"

Msusi aliacha kusuka kabisa. "Tuliyemwita Cheka, wa mwisho kulia, binti yake ni kama huyu wangu. Tunapeana nguo zao. Yule tuliyemwita Mrefu, mwanawe mwembamba, anacheza mpira, mbio zake huzikamati."

"Mrefu alikaa mezani siku chache?"

"Hapana. Mrefu ndiye aliyekaa kuliko sisi sote, tangu mimba changa." Akageuka akamtazama Koplo uso kwa uso, chanuo mkononi. "Koplo, unanitafutia nini kwa mwanangu?"

Koplo alikuwa ameulizwa maswali mengi katika kazi yake, mengine kwa panga. Hili alilijibu akimtazama kijana wa kwenye benchi.

"Natafuta sababu isiyo wewe," alisema.

Msusi akageukia kichwa cha mteja. Hakufanya mzaha tena mpaka Koplo alipotoka.

Huko nje Koplo aliandika kila alichoambiwa, pamoja na mtoto mwembamba wa Mrefu, ingawa alijua mtoto huyo atamharibia hesabu.

*

Daktari wa homoni alikuwa na chumba kidogo na feni iliyolia kama panya. Aliivumilia hadithi yote bila kukatiza. Kisha akaomba aambiwe tena sehemu ya kujipaka tumboni, na alipoisikia mara ya pili akavua miwani.

"Mwili wa mtoto tumboni unajengwa kwa amri," alisema. "Homoni ndizo zinazopeleka amri: hapa mfupa, hapa msuli, mafuta yawekwe kiasi hiki. Sasa kuna kemikali, na baadhi zimo kwenye plastiki za namna hiyo, ambazo zinaingilia amri. Nyingine zinajifanya homoni, nyingine zinaifunika homoni isisikike. Zikimfikia mtoto wakati bado anajengwa, huenda akajengewa seli za mafuta nyingi kuliko ilivyopaswa, na mwili ukazoea kuweka akiba. Akizaliwa anakula sahani moja na nduguye. Kwa nduguye chakula kinapita, kwake kinabaki."

"Huenda," Koplo alisema.

"Huenda. Kwa panya tumeliona. Kwa watu, wapo watafiti walioliona na wapo ambao hawakuliona. Na vyakula vya siku hizi vina sehemu yao, ukoo una sehemu yake, usingizi pia. Huyo mtoto wa Mrefu si ajabu. Miili haifanani. Sina kipimo cha kumpima msichana wa miaka tisa nikakwambia ni kile kitambaa."

"Mahakamani utasema hivyo?"

"Nitasema huenda. Sitaongeza wala kupunguza."

"Wakili wangu hapendi neno hilo."

"Lakini anataka kumnyang'anya mama mtoto," daktari alisema, akivaa miwani yake. "Mwenye kulaumu ndiye anayetakiwa awe na uhakika, Koplo. Si anayelaumiwa."

*

Koplo aliporudi kwa bibi alimkuta baba mtu, fundi wa majokofu. Jokofu la bibi lilikuwa limevutwa katikati ya chumba, naye amelala kifudifudi nyuma yake na tochi mdomoni. Alisikiliza mwanzo wa maelezo ya Koplo hivyo hivyo, yalipofika kwenye biskuti akaitoa tochi, yalipofika kwenye mizani akasimama.

"Mama? Ameongezeka?"

Bibi alikuwa kwenye meza, mikono yote miwili juu ya maua. Akatikisa kichwa kuitikia.

"Na wewe," fundi alimgeukia Koplo, "nimekuajiri mimi au amekuajiri mama mtoto? Nimekutuma ulete ushahidi, unaniletea mafuta ya plastiki! Kiwanda kimekufa zamani. Nitamshtaki nani, mageti?"

"Sijasema umshtaki mtu. Nasema mkeo hakufanya unalodai. Sahani ya binti yako ni ndogo kuliko ya kijana wako. Nimeiona siku ile ile ya kwanza."

"Basi ni kazi! Ni kiwanda! Nani alimwambia afanye kazi pale na mimba?"

"Tulihitaji," bibi alisema.

"Angesimama kwenye mashine kama wengine! Nani alimweka penye mafuta?"

Koplo alikuwa ameikwepa sehemu hiyo tangu alipoingia. Akatazama sakafu. Fundi alimtazama Koplo, akaitazama picha ukutani, kisha akamtazama mama yake, na rangi ya hasira ikamtoka usoni polepole kama maji yanavyotoka beseni.

"Alikataa," bibi alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya kueleza kazi. "Aliniambia, 'Mama, mimba bado changa, naweza kusimama.' Nikamwambia mkwe wangu hasimami na mjukuu wangu tumboni, watu watanicheka. Nikamshika mkono, nikamkalisha. Wale wengine walikuja mezani wenyewe. Yeye nilimkalisha mimi."

"Hukujua, mama," Koplo alisema. "Waliojua hawakukwambia."

"Wale waliokuja kupima hewa kiwandani walikuwa wamevaa barakoa," bibi alisema. "Nikawacheka. Nikasema wanaogopa mafua."

Akaanza kuondoa vitu mezani: kikombe, kisahani, miwani yake. Akakishika kitambaa cha plastiki pembe mbili, akakikunja, akakikunja tena, kikakataa kukaa, kikawa kinajifungua chenyewe mikononi mwake. Fundi akataka kumsaidia, akamsukuma kwa kiwiko.

Kibonge akaingia kutoka uani, kamba shingoni, uso unang'aa kwa jasho.

"Bibi, nimeruka nyingi leo. Unanipima?"

Mizani, ambayo bibi aliitoa tena kumwonyesha mwanawe, ilikuwa sakafuni, juu ya shuka lake. Watu wazima watatu waliitazama.

"Hapana," bibi alisema. "Leo hapimwi mtu. Njoo ukae." Kisha akaishtukia amri yake mwenyewe, akavuta kiti, akakipapasa kwa kiganja mbele na nyuma kuona kama ni kikavu, ndipo akamwacha mtoto akae.

*

Kesi ilisikilizwa asubuhi moja na kumalizika kabla ya chakula cha mchana. Koplo alitoa picha zote mbili, na wakili hakumtazama alipokuwa akizitoa. Daktari alisema "huenda" mara nyingi kiasi kwamba karani aliacha kuandika na kunyanyua kichwa. Bibi alieleza habari ya mizani bila kuulizwa. Hakimu alimrudisha mtoto kwa mama yake, na baba akaruhusiwa kumchukua wikiendi.

Wakili hakumpa Koplo kazi nyingine.

Fundi hakuomba msamaha kwa mdomo. Alikwenda kulitengeneza jokofu la mkewe wa zamani, akakaa nalo kutwa nzima, ingawa kilichokuwa kimeharibika ni waya mmoja.

Jengo la kiwanda ni ghala la magodoro. Mwenye kiwanda alihama nchi miaka mingi nyuma, na hakuna aliyeshtakiwa. Mafuta yale hayakupimwa, kwa sababu hayapo. Kipande cha kitambaa cha bibi kilipelekwa maabara, kikakaa huko, na jibu halijarudi.

Bibi aliwatembelea wanawake wa kwenye picha mmoja mmoja. Cheka alimfungia mlango. Msusi alimsuka nywele bure na kulia kichwani pake. Mrefu hakuona sababu ya maneno yote hayo. Mwanawe yumo kwenye timu ya mkoa.

Kwa mkwe wake alikwenda mwisho. Alisema alilokwenda kusema akiwa amesimama, akakataa kiti. Mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Nilikuwa nimechoka siku ile, mama. Nilikwambia naweza kusimama, lakini nilikuwa nimechoka kweli." Hawakulizungumza tena. Baada ya hapo bibi alikuwa anakuja kila wiki, na mtoto alikuwa akila mbele yake bila kutazamwa.

Ufito sasa ni fundi wa majokofu kama baba yake. Bado anakula sana na hanenepi.

Kibonge yuko sekondari. Ni mnene. Anahudhuria kliniki ya yule daktari, anatembea kwenda na kurudi shuleni, na sukari yake ya damu inafuatiliwa. Jina la Kibonge alilikataza mwenyewe alipofika kidato cha kwanza, na nyumbani wanajitahidi kulisahau.

Bibi alifariki. Picha ya meza ya dirishani aliichukua mkwe wake, hakuitundika, lakini hakuitupa pia. Vyombo vingine waligawana. Mizani ilikutwa chini ya kitanda, ndani ya shuka, na hakuna aliyeitaka.